Bajia ya Kitunguu na Chekeche ya Pwani: Safari ya Vyakula vya Kihindi hadi Luvungi

Luvungi ni mji mdogo wa uwanda wa Ruzizi, katika eneo la Uvira, jimbo la Kivu ya Kusini. Barabara inayoteremka kutoka Bukavu hufika Kamanyola, hupita Luvungi na Sange, kisha hufika Uvira, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Bukavu imejengwa juu, ukingoni mwa Ziwa Kivu, penye baridi na mvua nyingi. Uwanda uko mamia ya mita chini yake, na joto lake hustawisha mpunga, muhogo, mahindi, nyanya na vitunguu. Kwa muda mrefu mji wa juu umelishwa na uwanda wa chini. Kitunguu chenyewe huko huitwa aghalabu kitunguru, wingi wake bitunguru, kwa kiambishi bi- ambacho Kiswahili cha Kongo ya mashariki hutumia pale Kiswahili cha pwani kinapotumia vi-.

Mvua katika sehemu hizo huanza Septemba au Oktoba na kuendelea hadi Mei. Siku za mvua jikoni mwa Luvungi pana karibu kila kitu ambacho mpishi wa magharibi mwa India angekitafuta siku kama hiyo: vitunguu, pilipili, chumvi, unga wa mchele, mafuta na moto. Chapati na sambusa, vyakula viwili vinavyohusishwa na Wahindi, vimekita mizizi katika miji ya Kivu na majina yake yamekuwa maneno ya Kiswahili cha huko. Bajia ya kitunguu haikupata nafasi hiyo. Jibu jepesi ni kwamba Wahindi walikuwa wachache na wakaondoka. Jibu hilo halitoshi, kwa maana kama idadi ya Wahindi ndiyo iliyoamua, basi chapati nayo isingebaki. Hoja ya makala haya ni kwamba vyakula hivyo vilifika magharibi mwa Ziwa Tanganyika kama vyakula vya Waswahili, na kwamba kabla ya kuvuka ziwa vilikuwa vimekwisha kuchujwa na pwani. Kilichobaki ndani ya chekeche ya pwani hakikufika Luvungi.

Chakula cha mvua

Neno bajia limetokana na mzizi wa Kisanskriti wenye maana ya kukaanga, ambao katika Kigujarati umezaa bhajiya na katika Kimarathi bhaji. Kiswahili hakina sauti bh, kwa hiyo neno likaingia kwa b ya kawaida, kama vile karahi ilivyoangusha h yake na kuwa karai. Lugha za Kibantu nazo zimefanya jambo lile lile kwa mzizi wao wenyewe: kitenzi cha kale chenye umbo la kalanga au karanga, ambacho katika Kiswahili Sanifu kimepoteza konsonanti yake ya kati na kubaki kaanga, ndicho kilichoacha jina la karanga. Bajia na karanga, kwa hiyo, yote ni majina ya kitu kilichokaangwa, kila moja kwa lugha yake.

Huko Maharashtra na Gujarat, bajia ya kitunguu huliwa hasa wakati wa mvua za Juni hadi Septemba, pamoja na chai ya moto. Mvua hizo huletwa na upepo ambao Waswahili wanaujua vyema: kusi, ambao ukishavuka ikweta hugeuka na kuvuma kuelekea India ukiwa umebeba unyevu wa bahari. Mazoea hayo yana sababu za kilimo na za dini. Kwa upande wa kilimo, sehemu kubwa ya vitunguu vya India huvunwa mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa Aprili na Mei, hukaushwa na kuwekwa katika mabanda yanayopitisha hewa, kisha huliwa muda wote wa mvua. Kitunguu cha akiba kina maji machache kuliko kilichotoka shambani, na jambo hilo lina faida kubwa kwenye karai.

Kwa upande wa dini, mambo ni magumu zaidi. Wahindu wengi washika dini huanza miezi minne ya kujinyima katika msimu huo huo wa mvua, na miongoni mwa vitu wanavyoviacha ni kitunguu. Huko Maharashtra siku ya tisa ya nusu angavu ya mwezi wa Ashadha, siku mbili tu kabla ya kipindi hicho kuanza, imetengwa kwa ajili ya kula vyakula vya vitunguu, na yaitwa kwa jina la kitunguu chenyewe: Kande Navami. Wajaini hawali kitunguu mwaka mzima, na wafuasi wa baadhi ya madhehebu ya Kivaishnava vivyo hivyo. Kwa hiyo chakula ambacho leo huitwa kwa urahisi "cha Kihindi" kilikuwa, hata India kwenyewe, chakula ambacho majirani wawili wa mtaa mmoja hawakukichukulia kwa namna moja.

Namna ya kukipika ni rahisi kueleza na ngumu kufuata. Vitunguu hukatwa vyembamba kwa urefu, vikatiwa chumvi na kuachwa kwa muda wa robo saa hivi. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye kitunguu, na maji hayo ndiyo yanayoulowanisha unga. Mpishi haongezi mengine, au huongeza matone tu. Unga wa dengu hunyunyizwa kidogo kidogo mpaka kila uzi wa kitunguu uwe umevikwa, pamoja na pilipili, manjano, bizari nyembamba na majani ya giligilani. Wengine hutia unga wa mchele kiasi cha konzi moja, na vijiko viwili vya mafuta yaliyokwisha kupata moto. Kosa la kawaida ni kukoroga rojo nzito na kuvitumbukiza vitunguu ndani yake. Hapo hupatikana donge laini lenye kitunguu katikati, wakati lililotakiwa ni fungu la nyuzi zilizoshikana, zenye nafasi za kupitisha mafuta moto. Mafuta yakiwa ya vuguvugu, unga huyanywa. Yakiwa makali mno, nje huungua na ndani hubaki pabichi. Yakiwa sawasawa, maji ya kitunguu hugeuka mvuke na kutoka kwa nguvu, na unga hukauka hata ukavunjika mdomoni kwa mlio.

Mlio huo haudumu. Bajia ya kitunguu ikikaa katika hewa ya mvua hurudia unyevu na kulainika upesi. Ni chakula cha kuliwa pembeni mwa karai, na aliyekipika na anayekila hawawezi kutengana kwa umbali wala kwa muda. Jambo hili dogo la jikoni lina uzito mkubwa katika historia inayofuata.

Kilichopita na kilichobaki

Imezoeleka kusema kwamba vyakula vya Kihindi viliingia Afrika Mashariki pamoja na vibarua wa reli ya Uganda. Ni kweli kwamba kati ya mwaka 1896 na 1901 zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka India kujenga reli hiyo, lakini wengi wao walirudi kwao, na pwani ilikuwa imeishi na Wahindi karne nyingi kabla ya reli. Zanzibar ya Seyyid Said, aliyehamishia makao yake huko kutoka Maskati karibu na mwaka 1840, ilikuwa na matajiri wa Kihindi waliokodi forodha na kukopesha misafara. Mwenye kupewa forodha kwa miaka mingi alikuwa Jairam Shivji, wa jamii ya Wabhatia kutoka Kachchh.

Wabhatia walikuwa Wavaishnava, na katika nyumba zao kitunguu na kitunguu saumu havikuingia jikoni. Aidha, katika kipindi hicho cha mwanzo wengi wao walikuja bila wake. Basi tajiri mkubwa kuliko wote wa Zanzibar ya wakati huo alikuwa mtu ambaye nyumbani kwake jirani Mswahili asingejifunza bajia ya kitunguu kamwe. Jikoni ambazo ziliweza kufundisha zilikuwa za Wahindi Waislamu, yaani Makhoja, Mabohora na wengineo, ambao walileta familia, walikula kitunguu, na walifunga mwezi mmoja na Waswahili. Kwa Makhoja na Mabohora mtu angetarajia bajia ya kitunguu iingie pwani bila kizuizi. Haikuwa hivyo, na sababu ziko upande wa Waswahili wenyewe.

Kwanza, pwani ilichagua kunde. Bajia inayojulikana Zanzibar na katika miji mingi ya pwani ni ya kunde, au dengu, zilizorowekwa, zikamenywa maganda, zikasagwa na kuchanganywa na kitunguu kilichokatwakatwa na pilipili. Kwa ufundi wake chakula hiki kiko karibu zaidi na kile kinachoitwa vada huko India, yaani nafaka ya jamii ya kunde iliyosagwa ikiwa mbichi na kukaangwa, kuliko bhajiya, ambayo ni mboga iliyovikwa unga. Waswahili walichukua jina la kimoja wakalipa kingine. Kitunguu, ambacho ndicho kilichokuwa mwili wa chakula, kikawa kiungo. Na katika uchaguzi huo kuna mzunguko wa kuvutia: kunde ni zao la Afrika, lililofika India miaka zaidi ya 3,000 iliyopita, dengu asili yake ni Mashariki ya Karibu, pilipili ilitoka Amerika na kuletwa India na Wareno katika karne ya 16. Anayeuliza bajia ni ya nani hana budi kwanza aseme anauliza juu ya jina, juu ya nafaka, au juu ya pilipili.

Pili, pwani iliihamisha bajia kutoka msimu wa mvua ikaipeleka kwenye futari. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa jua, ukapita masika, kipupwe, vuli na kiangazi katika mzunguko wa miaka 33 hivi. Chakula kilichofungamanishwa na mwezi wa namna hiyo hakiwezi tena kuwa chakula cha mvua. Hata wafanyabiashara waliokileta walikuwa wakisafiri kwa kaskazi, katika miezi ya ukavu. Mvua ya India waliiacha India.

Tatu, na pengine hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote, vyakula vya kuuza pwani huuzwa vikiwa vimetembea. Mama huvipika nyumbani alasiri. Mtoto huvibeba kwa beseni au sinia hadi barazani, sokoni, msikitini au shuleni. Bajia ya kunde huvumilia safari hiyo, sambusa huvumilia, andazi huvumilia hata kesho yake asubuhi. Bajia ya kitunguu haivumilii. Ilibaki kwa hiyo katika nyumba za Wahindi na katika mikahawa yao, mahali ambapo karai na mlaji viko chini ya paa moja. Nairobi iliupata utamu wa unga wa dengu kwa njia ya mikahawa hiyo, lakini huko kitu kilichovikwa unga kilikuwa kiazi, na mpaka leo bajia kwa Mkenya wa bara ni kiazi. Waasia waliohamia Uingereza katika miaka ya 1960 na 1970 walikwenda na bajia hiyo ya viazi hadi Wembley, ambako iliikuta bajia ya kitunguu ikiuzwa tayari katika mikahawa mingine ya Kihindi, kwa wateja wasiojua kwamba zinatofautiana.

Kitunguu chenyewe hakikukosa jina la Kihindi. Kachumbari, ambayo pwani ni kitunguu kibichi kilichokatwa na kuoshwa kwa chumvi, pamoja na nyanya, ndimu na pilipili, ni neno la Kihindi lililoenea bara pana kuliko bajia. Haihitaji karai, unga wala mafuta.

Kuvuka ziwa

Misafara ya karne ya 19 iliyofika Ujiji na kuvuka kwenda Manyema iliendeshwa kwa mtaji wa Kihindi. Tippu Tip mwenyewe alikopeshwa na Taria Topan wa Zanzibar. Waliotembea, hata hivyo, walikuwa Waswahili, Waarabu na Wanyamwezi. Livingstone na Stanley walipokwenda Novemba 1871 kuhakikisha kwamba mto Ruzizi unamwaga maji ziwani badala ya kuyatoa, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika mwambao wa ziwa. Mwenye mtaji alibaki Zanzibar na Bagamoyo, na jiko lake lilibaki naye.

Mambo yalibadilika baada ya reli ya kati kufika Kigoma mwaka 1914, na baada ya Wabelgiji kupewa, kwa mkataba wa mwaka 1921, sehemu zao maalumu katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma. Kutoka hapo bidhaa za pwani zilipakiwa melini hadi Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, na hadi Uvira. Katika miaka ya 1930 reli ndogo iliunganisha bandari ya Kalundu, karibu na Uvira, na Kamanyola, ikikatiza uwanda ule ule wa Luvungi; ilifungwa kabla ya uhuru wa mwaka 1960. Wafanyabiashara wa Kiasia, wengi wao Waismaili wenye asili ya Kachchh na Kathiawar, waliweka maduka Usumbura, Uvira na Bukavu, ambayo wakati huo iliitwa Costermansville. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 ulikuwa umelifungua bonde la Kongo kwa biashara ya mataifa yote, kwa hiyo raia wa himaya ya Uingereza hawakuweza kuzuiwa waziwazi. Lakini Kivu ilikuwa nchi ambayo Wabelgiji waliikusudia kwa walowezi wa Kizungu. Kamati ya Taifa ya Kivu iliundwa mwaka 1928 kwa kazi hiyo. Muasia alikuwa mwenye duka kati ya wenye maduka wengine, Wagiriki na Wareno, akiishi nyuma ya duka lake. Hakuwa na mtaa wa kale kama wa Zanzibar ambamo ukuta wa jiko lake unapakana na wa Mswahili, wala hapakuwa na karne mbili za kupelekeana futari.

Kwa sababu hiyo aliyefundisha chapati Uvira na Bukavu hakuwa mwenye duka. Vyakula hivi vilipita katika mitaa ya Waswahili: Ujiji, Buyenzi mjini Usumbura, na mitaa ya Waislamu ya Uvira. Majina yenyewe yatoa ushahidi. Huku hakusemwi samosa kwa umbo la Kihindi; husemwa sambusa, umbo lililopitia Uajemi na Uarabuni kabla ya kukaa pwani. Kilichovuka ziwa kilikuwa kile ambacho wachuuzi wa Kiswahili walikwisha kukijaribu: kinachobebeka, kinachodumu, kinachoweza kupikwa kwa unga uliopo. Chapati hupikwa kwa unga wa ngano ambao kila duka lilikuwa nao. Bajia ya kitunguu ingehitaji unga wa dengu, ambao uliagizwa kwa ajili ya jamii ndogo, na mlaji aliye tayari kusubiri karibu na karai. Stendi ya magari njiani hainunui chakula cha namna hiyo. Abiria wa Luvungi anayenyoosha mkono dirishani ataka kitu kitakachomfikisha Bukavu.

Uthibitisho wa hoja hii ulitolewa na siasa. Mei 1964 Uvira iliangukia mikononi mwa waasi, baada ya vita vilivyoanza katika uwanda wa Ruzizi, na biashara ya barabara hiyo ikavunjika. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda kwa muda wa siku 90. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zingekabidhiwa raia wa Zaire. Waasia wa Kivu walipoteza maduka yao pamoja na Wagiriki na Wareno, na ingawa baadaye serikali ililegeza uamuzi huo, wengi hawakurudi. Kama chapati ingekuwa mali ya mwenye duka, ingefungasha naye. Haikuondoka Kampala wala Bukavu. Waliokuwa wakiisukuma kwa chupa au kwa kipande cha mti, asubuhi kabla ya jua, hawakuwa katika orodha ya wageni, na hakuna tangazo lililowagusa. Historia za biashara ya Kivu zimewaandika wenye maduka kwa majina na kwa leseni. Wanawake wa beseni hazikuwaandika, ingawa ndio waliobaki na chakula.

Unga wa Luvungi

Mwenye kutaka kukaanga bajia ya kitunguu Luvungi leo atakikosa kitu kimoja tu, yaani unga wa dengu. Dengu hizo haziko mbali sana. Mikoa ya Tanzania iliyo kusini mwa Ziwa Viktoria, hasa Shinyanga na Mwanza, hulima dengu katika udongo mweusi wa mbuga, kwa unyevu unaobaki baada ya mvua, na sehemu kubwa ya mavuno hayo huuzwa India. Gunia huvuka bahari likasagwe huko, wakati Ziwa Tanganyika liko karibu nalo zaidi.

Hata bila dengu, hata hivyo, uwanda una mchele, na unga wa mchele ndio ambao wapishi wa India wenyewe huongeza wanapotaka bajia ikauke zaidi. Ukichanganywa na unga kidogo wa maharage, ili ushikamane na kupata ladha ya nafaka, hufanya kazi ileile. Mawese nayo ni mafuta mazuri ya kukaangia, kwa sharti yachujwe na yapate moto wa kutosha. Afrika Magharibi na Bahia ya Brazil hukaangia humo vitafunwa vyao vya kunde tangu zamani. Kinachotaka uangalifu zaidi ni kitunguu. Cha shambani kina maji mengi, na mpishi wa uwandani itampasa akikate tangu asubuhi, akitandaze, akitie chumvi baadaye na kukikamua kidogo kabla ya kutia unga. Kilichokaa juu ya uchaga tangu kiangazi kingefaa zaidi, lakini mkulima mwenye uchaga wa kuhifadhi vitunguu hadi Novemba si mkulima wa kawaida. Wengi huuza vikiwa vibichi, kwa bei ya siku ya mavuno, kwa sababu kitunguu kikikutwa na mvua kabla ya kukauka huoza, na kwa sababu barabara haiaminiki. Ilikatwa mwaka 1964, ikakatwa tena katika vita vya mwaka 1996, na mwaka 2025, baada ya Bukavu kutwaliwa na kundi la M23 mwezi wa Februari, mapigano yaliteremka uwandani hadi Uvira mwishoni mwa mwaka. Siku gari linapopatikana, magunia hupakiwa yote, na mwenye shamba hubaki na vile vilivyopasuka, ambavyo haviwezi kusafiri na vyafaa kukaangwa jioni hiyohiyo.